Mpe Shetani kazi ya ofisini: jinsi ya kuandika hadithi ya kejeli kuhusu majaribu

Kwanza mvue pembe. Mkia, moto, uma mrefu, kicheko cha usiku wa manane, vyote viondoe kabla hujaandika sentensi ya kwanza. Msinielewe vibaya, mambo ya rohoni siyakatai. Naimba kwaya, nafunga, na ninaposema "utuokoe na yule mwovu" najua ninachoomba. Lakini katika hadithi ya kejeli pembe zina kasoro moja: msomaji akiziona anatulia. Hajawahi kugongewa mlango na mtu mwenye pembe, kwa hiyo hadithi haimhusu. Atacheka, kisha atamtumia mwenzake anayedhani ndiye anayesemwa.

Ukitaka kujua mjaribu anavyofanya kazi, rudi kwenye Mwanzo sura ya 3 uisome polepole, kama mtu anayesoma mkataba. Nyoka anaanza kwa swali: "Ati! Hivi ndivyo alivyosema Mungu, Msile matunda ya miti yote ya bustani?" Mungu alikuwa amekataza mti mmoja. Nyoka anauliza kuhusu yote. Uongo wenyewe utakuja baadaye. Hapa ameuliza tu, kwa heshima, kama mtu anayetaka kuelimishwa. Na ukimaliza mazungumzo yao hutakuta mahali popote nyoka alipomwambia mwanamke "kula". Kazi ile aliiacha ifanywe na macho ya mwanamke mwenyewe.

Halafu nenda Mathayo 4. Mtu amefunga siku arobaini, ana njaa, anashauriwa apate mkate. Ushauri wa namna hiyo hata mama yako angekupa. Jaribu la pili ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana hapo Ibilisi ananukuu Maandiko: Zaburi ya 91, malaika watakuchukua mikononi usije ukajikwaa. Sasa fungua hiyo Zaburi uone alipokatia. Ameishia mstari wa 12. Mstari wa 13 unasema utawakanyaga simba na nyoka. Kafika hatua moja kabla ya kukanyagwa yeye mwenyewe, akafunga kitabu. Na hata katikati ya alichokinukuu ameruka maneno "katika njia zako zote". Huyo ndiye mhusika wako: mpole, msomi, anajua mistari kwa kichwa, na anajua pa kusimama.

Ukishampata, mtafutie jaribu dogo. Hapa ndipo waandishi wengi wanapokosea, kwa kudhani ukubwa wa dhambi ndio utamu wa hadithi. Wizi wa sadaka, uzinzi, ulevi: hayo yanafaa kwa hadithi ya huzuni au ya polisi, kwa sababu anayeyafanya anajua anayafanya. Kejeli inaishi kwenye pengo kati ya mtu anachofanya na anavyojieleza. Kipimo ninachokitumia ni hiki: je, mhusika anaweza kulitetea jambo lake mbele ya kikundi cha maombi, na wenzake wakatikisa kichwa kwa kukubali? Kama anaweza, chukua kalamu. Kuna ndugu aliyesamehe kabisa ila zile meseji hajazifuta, anazitunza "kwa ushahidi". Kuna anayesema hastahili kuongoza, kisha anangoja aambiwe anastahili, na asipoambiwa hafiki Jumapili inayofuata. Kuna kamati inayoliweka ombi la mgonjwa mbele za Bwana mpaka mgonjwa anapona au anazikwa, na hakuna aliyekwenda kumwona. Na kuna umbea unaoitwa hoja ya maombi. Huo nitaurudia, maana ni mgodi.

Ukidhani haya madogo ni uvumbuzi wa siku hizi, msome Evagrius wa Ponto, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399. Alipanga mawazo mabaya katika makundi manane, na baadaye Papa Gregori Mkuu akayafanya saba. Lakini usimsome kwa ajili ya orodha. Msome uone jicho lake. Pepo wa uchovu wa roho, anasema, anamjia mtawa kuanzia kama saa nne asubuhi. Anamfanya alione jua limesimama na siku ina saa hamsini. Anamlazimisha kuchungulia dirishani kila mara, kutoka nje kupima jua limebakiza kiasi gani kufika saa ya kula, kutazama huku na huku kama kuna ndugu anayekuja kumsalimu. Kisha anamnong'oneza kwamba upendo umetoweka miongoni mwa ndugu, na kwamba Mungu anaweza kuabudiwa mahali popote, kwa nini hapa? Sentensi ya mwisho ni kweli tupu! Hapo ndipo ubaya ulipo.

Pepo wa majivuno kwa Evagrius anachekesha zaidi. Mtawa yuko peke yake chumbani, hakuna anayemjua, lakini kichwani mwake watu wamejaa mlangoni wakimtafuta. Wanataka kumfanya padre. Yeye anakataa, kwa unyenyekevu. Wanamfunga kamba na kumpeleka kwa nguvu. Ebu fikiria: amejipandisha cheo, na unyenyekevu wake ameulinda, vyote bila kunyanyuka alipoketi. Nimeshawahi kukutana na ndoto hiyo hiyo kwa watu wanaovaa suti, na sihitaji kuwataja, kila mmoja wetu ana wake.

Sasa umbo. Watu wakisikia kejeli ya majaribu wanakumbuka barua, kwa sababu ya C. S. Lewis. Barua zake 31 za pepo mzee kwa mpwa wake zilitoka mwaka 1941 katika gazeti la kila wiki la Kianglikana, zikawa kitabu mwaka 1942. Mlango huo ameshaupita, na ukiupita tena utaonekana umevaa koti la mtu. Milango mingine ipo tele: muhtasari wa kikao, tathmini ya mwisho wa mwaka, tangazo la nafasi ya kazi, fomu ya malalamiko, barua ya kuomba kuongezewa bajeti, dodoso la kuridhika kwa mteja. Chagua karatasi unayoijua vizuri kwa kuwa umewahi kuijaza. Lugha ya ofisini yenyewe inachekesha ukiiweka mahali pasipo pake: "YAH: KUSUASUA KWA MTEJA", "Rejea mazungumzo yetu", "Nakala kwa". Tena inakuzuia usimpambe Shetani. Watunzi wakubwa wamempa hotuba nzito na mabawa, msomaji akaishia kumwonea huruma. Karani hapewi hotuba.

Nikuonyeshe kwa karibu. Tuchukue ule umbea wa maombi. Rasimu ya kwanza kabisa, ile inayokuja yenyewe bila kuitwa, huwa hivi:

"Pepo Mkuu alicheka kwa sauti ya kutisha. 'Leo nitamwangusha yule mama kwa dhambi ya umbea! Atawasengenya wenzake, na kanisa lote litasambaratika!'"

Hakuna jipya hapo. Pepo anaitaja dhambi kwa jina lake, kitu ambacho mjaribu mwenye akili hafanyi kamwe. Tena anatangaza matokeo kabla ya tendo, na yule mama hana uso. Sasa lipe jambo hilo hilo umbo la ripoti ya kupokezana zamu, pepo mmoja akimwachia mwenzake kituo:

"Mteja: mwanamke, mwombaji hodari, kiongozi wa kikundi. Hali: nzuri. Tafadhali usimshawishi kusengenya. Mwenzetu wa zamu iliyopita alijaribu, mteja akashtuka, akafunga na kuomba siku tatu, tukapata hasara ambayo bado haijafidiwa. Mimi ulimi wake sikuugusa. Nilimwongezea mzigo wa maombi. Alipopata habari za binti wa mzee wa kanisa, nilimkumbusha tu kwamba wengi wakiomba pamoja ni bora kuliko mmoja. Akapiga simu saba. Kila simu ilianza na 'siyo kwamba nasema' na kuishia na 'basi tumbebe'. Kufikia jioni aliyekuwa hajui habari ni binti mwenyewe. Angalizo: simu ya saba ilipokwisha mteja alikuwa amechoka, akalala bila kuomba. Hiyo ndiyo hali bora. Ilinde."

Tazama kilichobadilika. Neno "dhambi" limetoka. Simu zina idadi, na maneno yake ni yale tuliyoyasikia kwa masikio yetu wenyewe. Pepo anafanya kazi yake kwa kuongeza kitu chema, mzigo wa maombi, na hilo linamkera msomaji kuliko kitisho chochote. Kichekesho kikubwa, kwamba katika maombi yote hayo hakuna aliyeomba, nimekiweka mwisho, kikiwa kimevaa sauti ya karani anayekumbusha taa zizimwe. Ukikiweka mwanzo umekiua.

Kipande hicho bado kina upungufu, na ni upungufu mkubwa: kila mtu ndani yake ni mnafiki. Ukiishia hapo umeandika kejeli ya mtu aliyekasirishwa na kanisa. Iko mingi, na baada ya ukurasa wa tatu inachosha. Imani lazima iwemo. Lakini utaiingizaje wakati msimulizi ni adui wa imani? Kwa malalamiko yake. Chochote pepo anachokilalamikia ndicho habari njema ya hadithi yako. Kwa hiyo ongeza:

"Tahadhari nyingine: mwanamke wa simu ya nne hakuuliza swali hata moja. Alikata simu, akavaa viatu, akaenda kwa yule binti. Hakumwambia anachokijua. Nimearifiwa walikunja nguo pamoja hadi giza likaingia. Nimeandika makao makuu kuomba ufafanuzi, kwa kuwa sioni alichofaidika."

Huyo mwanamke hana jina, hana mstari wa Biblia mdomoni, hajui kama anatazamwa. Akitoa mahubiri hadithi imekufa. Na pepo lazima asimwelewe kikweli, asijifanye haelewi. Ndilo pengo pekee katika akili yake: anajua hesabu ya kila tamaa, ila mtu anayetoa bila kudai chochote anamsoma kama kosa la uandishi. Msomaji anauona ukweli juu ya bega la mwongo, na kwa kuwa ameuona mwenyewe bila kuelekezwa, anauamini. Kama hadithi yako ina kurasa kumi, sehemu za namna hii ziwe mbili, labda tatu, tena fupi. Ukizidisha, pepo anageuka mjinga, na pepo mjinga hatishi mtu.

Kuhusu nani achekwe. Maandiko yenyewe hayaogopi dhihaka. Eliya pale Karmeli anawaambia manabii wa Baali wapaze sauti zaidi, labda mungu wao ana shughuli, labda yuko safarini, labda amelala. Yesu anasema juu ya viongozi vipofu wanaochuja mbu na kumeza ngamia. Jaribu kuichora picha hiyo, hasa nundu inapofika kooni. Lakini angalia wanaosemwa. Manabii wa Baali walikuwa 450 na wanakula mezani pa malkia. Eliya alikuwa mmoja. Mafarisayo ndio waliokaa viti vya mbele. Mjane wa senti mbili hakuchekwa, wala yule baba aliyelia "nisaidie kutokuamini kwangu". Mimi naifuata njia hiyo hiyo. Simcheki anayeamini kwa kutetemeka, simcheki mfiwa, simcheki aliyeokoka jana na bado anachanganya vitabu vya Biblia. Mchungaji namcheka kama ana kipaza sauti. Maombi siyacheki, nacheka tunavyoyatumia. Na mezani pa Bwana siendi na kejeli kabisa. Utaniita mwoga. Sawa, andika wewe.

Mungu mwenyewe abaki nje ya jukwaa. Pepo wanaweza kumtaja kwa kuzungukazunguka, kama watumishi wanaokwepa jina la bosi wa kampuni shindani, na hiyo inatosha. Kitabu cha Ayubu kinafundisha jambo hapa. Shetani anafika mbele za Mungu kama ofisa wa doria, akiulizwa ametoka wapi anajibu ametoka kuzunguka-zunguka duniani. Anapewa mipaka, anafanya kazi yake, na baada ya sura ya 2 haonekani tena. Sura zaidi ya arobaini, yeye ana mbili. Marafiki wa Ayubu wanaendelea na kazi bila kujua, kwa hoja safi za kidini. Kama hadithi yako ni ndefu, fikiria kumtoa mjaribu mapema uone wahusika watafanya nini wenyewe. Yakobo naye anasema kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe, na mwandishi asisahau hilo: pepo wako akifanya kila kitu, binadamu wako hana kosa, na bila kosa hakuna cha kukejeli.

Mpangilio wa majaribu upange ukijua unataka kufika wapi. Mathayo anaanza na mawe, kisha kinara cha hekalu, anamaliza mlimani penye falme zote. Luka anaupeleka mlima katikati na kumalizia hekaluni. Majaribu ni yale yale, kilele tofauti: mmoja anaishia kwenye mamlaka, mwingine kwenye kumjaribu Mungu nyumbani mwake. Luka anaongeza kwamba Ibilisi akaenda zake kwa muda. Kwa muda! Mwandishi wa kejeli akipewa maneno mawili kama hayo anapaswa kushukuru, maana ni hadithi nzima ya likizo.

Jiandae kwa watakaosoma maneno ya pepo kama ushauri wako. Lewis alisimulia kwamba kuna mtu wa kanisa aliyeandika kusitisha kununua gazeti, kwa kuwa ushauri mwingi katika zile barua aliuona wa makosa, na zaidi ya hapo wa kishetani. Hutaweza kumzuia msomaji wa namna hiyo, wala usiandike maelezo mwanzoni kwamba "hii ni kejeli". Badala yake, weka ishara ndani ya sentensi tatu za kwanza: cheo cha ajabu, mteja badala ya mtu, hasara inayopatikana mtu anapoomba. Asiyeelewa baada ya hapo hatasaidiwa na tangazo.

Lewis alisema pia kwamba kuandika zile barua hakukumpa furaha, ingawa zilimjia kwa wepesi. Namwamini. Kufikiri kwa kichwa cha mjaribu kunachafua hewa: baada ya muda unaanza kuona sababu mbaya nyuma ya kila wema, hata wa mtu aliyekuletea kiti. Kwa hiyo andika vipande vifupi, upumzike, ukae na watu wasiokuwa wahusika. Ukiona kila uliyemchora anafanana na mtu mmoja aliyekuudhi, weka rasimu kando, kwanza kamalizane naye.

Mwisho wa hadithi usimwongoe mtu. Najua kishawishi chake: taa zinawaka, mama wa simu saba anapiga magoti, kwaya inaingia. Huo ni mwisho wa igizo la sherehe, na msimulizi wako hawezi kuusimulia bila kuvunja sauti yake. Acha makaratasi ya pepo yakwame. Fomu inarudishwa kutoka makao makuu, ile barua ya kuomba ufafanuzi haijajibiwa, zamu mpya inaingia na kukuta kituo hakina mtu: mteja ametoka bila simu, hajaaga, na pepo hajui jina la mtaa alikokwenda. Hujasema ametubu, wala hujasema hajatubu.

Kisha mpe asome kwanza mwombaji hodari unayemheshimu, kabla ya rafiki zako wanaocheka kila kitu. Keti mbali asikuone ukimtazama. Akicheka kwenye simu ya kwanza na ya pili, vizuri. Akifika ya saba akaacha kucheka, akarudi juu kusoma upya, hapo usiongeze neno.